Masikio ya mtoto yapimwe kwa mashine kabla hujalipa hata kipindi kimoja cha tiba ya usemi

Mdogo wangu, hiyo Ijumaa usiende kulipa. Nimesoma maelezo yako nikiwa jikoni, nikazima jiko kwanza nikuandikie.

Kwa ambao hawajasoma alichouliza: binti yake ana miaka mitatu na miezi miwili, maneno yake hayafiki ishirini. Kituo kimoja binafsi kimemkalisha dakika arobaini na kitabu cha picha, kwa Kiingereza, akapata alama 68. Wamemwandikia "ucheleweshaji mkubwa wa lugha" na wanataka alipe vipindi 24 kwa mkupuo. Anauliza kama bei ni ya haki, kama mtoto aanze shule Januari, kama nyumbani waache Kiswahili, na kama umri wa kutibiwa haujapita. Halafu chini kabisa, kama jambo dogo, kaandika: "Masikio hayana shida, nikimwita anakuja."

Maneno hayo hayo niliyasema mimi kuhusu mwanangu Februari 2021, kwenye kiti cha plastiki, mbele ya mtaalamu wa usemi mwenye vyeti ukutani. Aliniuliza, "Anasikia vizuri?" Nikamjibu, "Anasikia, tena sana." Akaweka tiki kwenye fomu, akageuza ukurasa. Tiki ile ilituchukulia miezi 14 na zaidi ya milioni nne. Vipindi viwili kwa wiki, shilingi 40,000 kila kimoja, nauli ya bajaji kutoka Tabata ni juu yako. Fedha nimeshazisamehe. Miezi sijaisamehe, maana ilikuwa miezi ya mtoto wa miaka mitatu, na umri ule haurudi.

Nilikuwa na uhakika kwa sababu nilishampima mwenyewe. Nilisimama nyuma yake nikagonga sufuria kwa mwiko, akageuka. Mama mkwe naye akapiga makofi, akageuka. Tukacheka, tukasema huyu ana masikio ya sungura, ila ulimi mzito kama wa baba yake.

Nisikilizeni vizuri wote mliowahi kugonga sufuria. Kugonga sufuria ni kelele kubwa kupita kiasi, na mtetemo wake mtoto anaupata mpaka sakafuni. Hata mwenye upungufu mkubwa wa usikivu anaweza kugeuka. Maneno hayana nguvu hiyo. Ndani ya neno moja kuna sauti zenye nguvu na sauti dhaifu: a, o, u zinabebeka hadi chumba cha pili, lakini s, f, sh, t, k ni pumzi tu. Kiswahili chetu kimejaa irabu, kwa hiyo mtoto anayesikia nusu bado anapata umbo la neno. Unamwita kwa sauti ya mama, jina lina irabu tatu, anakuja. Unamwambia "njoo ule" huku umeshika sahani, anakuja. Huyo kafuata sahani.

Wangu alikuwa anaita samaki "amai", sukari "uai", kisu "iu". Nyumba nzima tulipenda, shangazi zake walimrekodi. Hakuna aliyekaa akajiuliza kwa nini herufi zinazopotea ni zile zile kila siku.

Na dalili zilikuwepo, ndicho kinachoniuma. Analala mdomo wazi na anakoroma kama mtu mzima. Mafua hayaishi. Televisheni anaisogelea mpaka pua inagusa kioo. Siku nyingine anasikia vizuri, siku nyingine kama hayupo, sisi tukasema ni kiburi, "akitaka anasikia". Kukoroma na mafua niliviandika kwenye fomu ile ile yenye tiki. Fomu iliuliza, fomu ilijazwa, na hakuna aliyeisoma.

Miezi 14 akakaa mbele ya kioo akifundishwa kusema "s". Ndani ya chumba aliweza, kwa sababu aliona meno na ulimi wa mwalimu. Tukifika nyumbani imepotea. Nikaambiwa sifanyi mazoezi ya kutosha na mtoto. Nikaambiwa nipunguze simu na katuni. Mara ya mwisho nikaambiwa pengine ni usonji, nijiandae kisaikolojia. Hapo nililia ndani ya daladala mchana kweupe. Usonji si aibu, na kuna watoto wanaouhitaji uchunguzi huo mapema. Ila hata uchunguzi wa usonji unaanza na masikio. Mtoto asiyesikia vizuri haitiki jina lake, anacheza peke yake, anachelewa kusema, na kwa mbali hutamtofautisha na mwenye usonji.

Aliyetuokoa ni mwalimu wa chekechea, hana hata kozi moja ya usemi. Aliniambia, "Mama, huyu nikimwita akiwa amenipa mgongo hageuki mpaka nimguse bega."

Tukaenda hospitali kubwa, idara ya masikio, pua na koo. Daktari alitazama kwanza ndani ya masikio kwa taa. Kisha wakampima timpanometria: wanaingiza kizibo laini sikioni, mashine inabadilisha mgandamizo wa hewa na kuangalia kama ngoma ya sikio inacheza. Haiumi, sekunde chache kila sikio. Sikio zima linachora kilima kwenye karatasi. La mwanangu lilichora mstari uliolala kama barabara ya Dodoma, kulia na kushoto. Halafu akavalishwa spika za masikioni, akapewa vipande vya mbao na ndoo: ukisikia mlio, tupia kimoja. Watoto wa karibu miaka mitatu wengi wanauweza mchezo huo. Nguvu ya mlio hupimwa kwa desibeli, na mwenye usikivu mzuri anatupa hata mlio ukiwa desibeli 20 au chini ya hapo. Wangu hakutupa mpaka 35 sikio la kulia na 40 la kushoto. Mnong'ono ni kama desibeli 30. Ziba masikio yako kwa vidole, kisha mwombe mtu aongee na wewe akiwa chumba cha pili. Hapo ndipo mwanangu alipokuwa anajifunzia lugha.

Nyuma ya ngoma za masikio kulikuwa na ute mzito kama gundi. Nyama za pua zilikuwa zimevimba, ndizo zilizomkoromesha na kuziba njia ya hewa inayokwenda masikioni. Daktari hakukimbilia kisu. Alisema ute wa namna hii mara nyingi huondoka wenyewe, tusubiri miezi mitatu tupime tena. Miezi mitatu ikapita, mstari bado umelala. Nyama zikatolewa, vibomba vidogo vikawekwa kwenye ngoma za masikio. Jioni tuliporudi aliziba masikio kwa viganja na kuniambia "mama, zima", na televisheni ilikuwa kwenye sauti yetu ya siku zote. Wiki ya tatu akaomba "samaki" mezani, yenye s yake. Mume wangu alitoka nje akakaa kwenye gari.

Bado alihitaji tiba ya usemi, sitaki kukudanganya kwamba vibomba vilimaliza kila kitu. Alikuwa na deni la maneno. Lakini kwa mtaalamu mwingine, mtoto akiwa anasikia, tulitumia miezi mitano tu. Yuko darasa la pili sasa, na ananisahihisha mimi.

Hasira yangu ni hii: kupima usikivu si siri ya madaktari bingwa. Katika fani ya usemi hilo liko ukurasa wa kwanza, kabla ya picha na kabla ya kioo. Upimaji wa awali unaofahamika ni milio ya desibeli 20 kwenye masafa ya hertz 1000, 2000 na 4000, yaani milio mizito hadi myembamba, sikio moja moja. Asiye na mashine anaandika rufaa, ni karatasi moja tu. Yule alichagua kuniuliza mimi, mama niliyekuwa na kila sababu ya kutaka jibu liwe "ndiyo". Neno la mzazi ni la thamani sana kwenye historia ya mtoto, ila haliwezi kusimama mahali pa kipimo. Najua wataalamu humu mtanirukia. Karibuni, ila njooni na mashine.

Na aliyeandika kwamba mtoto apelekwe akakatwe ugozi wa chini ya ulimi, tafadhali futa. Ulimi uliofungwa unaweza kusumbua kunyonya na baadhi ya matamshi. Haumfanyi mtoto wa miaka mitatu abaki na maneno yasiyofika ishirini.

Sasa hiyo 68. Alama za vipimo vya namna hiyo hupangwa ili wastani uwe 100, na kila hatua ya kupanda au kushuka kutoka kwenye wastani iwe 15. Chini ya 70 wanashuka kama watoto wawili katika 100. Lakini 100 wa nani? Wa kundi lililotumika kutengeneza kipimo, na vitabu vingi vya picha vinavyozunguka kwetu vimepimwa kwa watoto wa Marekani au Uingereza wanaolelewa kwa Kiingereza. Binti yako analelewa kwa Kiswahili. Hiyo 68 inasema hajui Kiingereza, nawe ulikuwa unajua tangu getini. Wangu alioneshwa kindi akasema "panya", akakosa. Aliulizwa wingi wa mpira kwa Kiingereza akakosa, kwa sababu lugha yake huweka wingi mwanzoni mwa neno, mtoto watoto, kiti viti, na Kiingereza huuweka mkiani. Hilo si ugonjwa. Mtoto wa lugha mbili huhesabiwa maneno ya lugha zote mbili pamoja, na tatizo la kweli la lugha huonekana kwenye zote mbili. Vifaa vya kwetu si ndoto: orodha ya maneno ya MacArthur-Bates, ile ambayo mzazi anaulizwa mtoto anaelewa nini na anasema nini, ilishatengenezwa kwa Kiswahili na Kigiriama kule Kilifi. Kwa hiyo Kiswahili msikiache nyumbani. Mtaishia kumnyima lugha pekee mnayoweza kumwongelesha bila kujikwaa.

Lakini hata wangempima kwa Kiswahili safi cha Unguja, kama hasikii, karatasi ile ni bure.

Jumatatu asubuhi nenda hospitali ya rufaa yenye idara ya masikio, pua na koo. Mko Dar, Muhimbili wapo. Aliye Moshi aende KCMC. Pale dirishani usiseme "mtoto haongei", watakuelekeza kwingine. Sema unataka timpanometria na kipimo cha usikivu cha mtoto mdogo. Kama ana nta, wataitoa kwanza. Kama ana mafua siku hiyo, waambie, na uombe tarehe ya kurudia. Asipotulia na ndoo na vipande, kipo kipimo kinachofanywa akiwa amelala, nyaya zinabandikwa kichwani, usiogope. Mtu akikupigia makofi nyuma ya mtoto na kusema yuko sawa, msikilize kwa heshima, kisha uendelee kusubiri mashine.

Usitoke bila nakala. Angalia mchoro wa kila sikio, kama una kilima au umelala, uniandikie hapa. Nina karatasi za mwanangu zote tano kwenye faili, nitakupigia picha tulinganishe.