Usinunue prosesa kwa jina: uliza inakula wati ngapi, na kwa muda gani

Kosa langu la kwanza katika kununua kompyuta lilitokana na tarakimu moja tu: 7. Nilikuwa nahariri video kwenye kompyuta ya mezani yenye prosesa (ubongo wa kompyuta) ya Core i5-7500. Nikachoka kufungwa na meza, nikajinyima miezi kadhaa, nikanunua laptopu yenye Core i7-7500U. Nilijiambia kwamba i7 ni kubwa kuliko i5, na namba zinazofuata zinalingana, kwa hiyo nimepanda daraja. Nikaweka video ile ile, kwa programu ile ile. Laptopu ilichukua karibu mara mbili ya muda niliouzoea.

Nilidhani nimeuziwa mashine mbovu. Kumbe ilikuwa nzima kabisa. Ile i5 ya mezani ina viini 4, yaani sehemu nne zinazofanya kazi kwa pamoja, na imetengenezwa kwa wati 65. I7 ya laptopu ina viini 2 na wati 15. Habari yote ilikuwa kwenye herufi U iliyo mwishoni, na mimi sikuitazama.

Kwa hiyo wewe unayeanza, soma jina la prosesa kuanzia mkiani. Kwa Intel na AMD, kampuni mbili za prosesa, U ni ya laptopu nyembamba, mara nyingi kwenye wati 15 hivi. H ni ya laptopu nzito za kazi, kwenye wati 45 hivi. K ya Intel na X peke yake ya AMD ni za mezani, na hizo huruhusiwa kula umeme mwingi. Jihadhari na HX ya Intel: hiyo ni prosesa ya mezani iliyoingizwa ndani ya laptopu. Core i9-13900HX ina viini 24 sawa na i9-13900K, lakini kikomo chake cha juu ni wati 157 badala ya 253.

Mfano unaonisaidia zaidi ninapowaelekeza wageni ni wa Ryzen 7 za AMD. Chukua 5800X ya mezani, 5800H na 5800U. Zote tatu zina viini 8 vya kizazi kimoja, Zen 3. Ya kwanza ni ya wati 105, ya pili 45, ya tatu 15. Kasi ya juu kabisa ni gigahezi 4.7 kwa ya mezani na 4.4 kwa zile mbili za laptopu, tofauti ndogo sana. Sasa tazama kasi ya msingi, ile ya kazi ndefu kwa wati hizo: 3.8, 3.2, halafu 1.9. Tena kache ya L3 (kumbukumbu ndogo ya haraka ndani ya prosesa) ya mezani ni megabaiti 32, za laptopu ni 16. Matangazo hukuonyesha ile kasi ya juu. Kwenye laptopu nyembamba, kazi ya saa nzima hufanyika karibu zaidi na ile ya chini.

Ukitaka kuliona jambo hili kwa macho yako, fungua Task Manager ya Windows, kaa kwenye ukurasa wa CPU (yaani prosesa) uitazame namba ya kasi kwa gigahezi, kisha anzisha kazi nzito. Kwenye laptopu yangu ile namba ilianzia 3.5. Kabla dakika haijaisha, feni ikaanza kulia na namba ikateremka hadi 2.9. Siku niliyoiweka juu ya godoro, matundu ya hewa yakazibwa, ikafika 2.2 na kubaki hapo. Nilipoinyanyua kwa mikono miwili, namba ikaanza kupanda taratibu. Prosesa haikubadilika; kilichobadilika ni joto lililopata njia ya kutokea.

Ndiyo maana laptopu mbili zenye prosesa moja zinaweza kutofautiana sana. Apple waliweka prosesa yao ya M1 ile ile kwenye MacBook Air isiyo na feni na kwenye Mac mini yenye feni, zote mwaka 2020. Kwa kazi fupi huwezi kuzitofautisha. Kazi ikirefuka, Air hupunguza mwendo ili isichemke.

Lakini usikate tamaa na laptopu. Kasi ya prosesa ikipandishwa, volteji nayo hulazimika kupanda, na umeme unaoliwa hukua kwa mraba wa volteji. Wati za mwisho ndizo ghali kuliko zote na huleta kasi kidogo tu, hivyo prosesa inayopewa nusu ya umeme hubaki na zaidi ya nusu ya nguvu zake. Kama unaandika, unafanya hesabu kwenye majedwali, au unajifunza uprogramu, kazi yako ni ya vipande vifupi: prosesa inaruka juu sekunde chache kisha inapumzika. Hapo kompyuta ya mezani haitakuzidi kwa kitu cha maana, na RAM (kumbukumbu ya kazi) ya kutosha itakufaa kuliko prosesa kubwa.

Wa kuhangaika ni anayetoa faili la mwisho la video ndefu, anayekompaili miradi mikubwa (kugeuza msimbo kuwa programu) au anayechora majengo ya 3D. Huyo asikubali kipimo cha dakika moja. Endesha Cinebench, programu ya kupima prosesa, kwa dakika 10 mfululizo, chaja ikiwa imechomekwa, usome alama za mwisho. Kisha chomoa chaja urudie, maana laptopu nyingi hushuka zikiwa kwenye betri na hakuna atakayekuambia dukani.

Mimi sasa nakata na kupanga video kwenye laptopu nyepesi, popote nilipo. Jioni nahamishia mradi kwenye kompyuta ya mezani, naiacha itoe faili la mwisho usiku kucha, na asubuhi nalikuta tayari.