Boti ya mpira: tyubu zikae juu au chini?

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini boti mbili za mpira zenye tumbo la faibaglasi, urefu mmoja na injini za nguvu sawa, moja ni nyepesi mkononi na nyingine ni nzito na inarusha maji. Umeuliza pia kama muuzaji anasema kweli kwamba tyubu, ile mipira ya hewa inayozunguka boti, zikikaa chini ndiyo boti huwa salama. Nimepeleka wazamiaji nje ya mwamba wa Nyali, Mombasa, miaka mingi kwa boti za namna hii. Muuzaji amekwambia nusu tu.

Boti ikiwa imesimama, tyubu zilizogusa maji huituliza kweli. Watu wakijazana upande mmoja kuvaa mitungi, haiinami sana, na mzamiaji anayerudi hana ukuta mrefu wa kukwea. Kwa kazi ya kupeleka wazamiaji hilo si dogo.

Shida inaanza ukikaza moto wa injini. Tangu boti hizi zibuniwe Atlantic College kule Wales miaka ya 1960, kazi ya kukimbia ni ya tumbo gumu. Tyubu zikibaki majini zinaburuta: boti inachelewa kupanda juu ya maji, mafuta yanaisha, na maji yanayoruka kutoka chini ya tumbo yanazipiga na kuwarudia abiria usoni. Kwenye kona ndiyo utaijua. Boti iliyokaa vizuri hulalia kona, kisha tyubu ya ndani inagusa maji na kuipa pa kuegemea. Tyubu ikiwa chini mno inagusa mapema, boti inageuka bila kulala na kuteleza kiubavu, abiria wanatupwa nje ya kona, na propela ikivuta hewa utasikia injini inalia huku boti haiendi.

Zikiwa juu mno, mbio ni tamu, lakini ukisimama inalala upande huu na ule mpaka tyubu ikute maji. Tena zinakamata upepo. Msimu wa Kusi, ukiingia gatini polepole, utapigana na usukani.

Omo, yaani mbele ya boti, ina hesabu yake. Huko tyubu lazima zipande. Ukirudi kwenye mlango wa mwamba na wimbi liko nyuma yako, boti inateremka kwa kasi na pua inataka kuchimba. Tyubu nene iliyoinuka mbele ndiyo inayoibeba kabla maji hayajaingia. Mimi singenunua boti yenye tyubu zilizonyooka sawa kutoka tezi, yaani nyuma, hadi omo kwa bahari yetu, hata kwa bei ya kutupa.

Sasa, usiikague ikiwa juu ya trela. Kama imekuwa ikilala majini, nenda tezi, pale tyubu inapopita ubao wa injini, uangalie mstari wa mwani. Ukiwa umefika katikati ya tyubu, na ukingo wa mshono wa chini umeanza kuachia gundi, boti hiyo imekuwa ikielea kwa tyubu zake. Mara nyingi kiwanda hakina kosa. Mtu ametoa injini ya zamani ya tuu-stroku akaweka foo-stroku iliyo nzito zaidi, akaongeza na tangi nyuma, tezi ikazama. Kusogeza tangi na betri mbele kunaweza kuirudisha.

Upepo wa ndani pia uangaliwe. Tyubu legevu hubonyea na kuburuta hata kama zimefungwa mahali sawa. Boti nyingi zinataka shinikizo la karibu bar 0.24, lakini fuata kibandiko cha mtengenezaji. Ukijaza alfajiri, jua la mchana litaongeza, kwa hiyo pima tena.

Kwa kazi yako ya wazamiaji na watalii pamoja, tafuta hii: ikiwa na mzigo kamili na imesimama, tyubu ziguse maji kidogo upande wa tezi tu. Ikikimbia, ziwe zimeachana na maji kabisa. Mwambie muuzaji mpakie watu na mitungi kama siku ya kazi, mtoke mkondo wa Tudor kulikotulia mpaka nje, wewe ukae nyuma uchungulie ubavuni. Maji yakiruka kutoka ukingo wa tumbo, sawa. Yakiruka kutoka kwenye tyubu, usitoe hata arubuni.