Maswali yenu: wastani wa kasi ya badiliko

Wengi mmekwama mahali pamoja kwenye fankisheni (sheria inayokupa namba moja, f(x), kwa kila x), basi leo nayajibu maswali yenu kwa mkupuo. Kanuni yenyewe, kutoka x = a hadi x = b, ni (f(b) − f(a)) ÷ (b − a).

Kanuni naijua, ila sielewi inapima nini.
Inapima f(x) inabadilika kiasi gani, kwa wastani, kila x inapoongezeka kwa 1. Chukua f(x) = x², kutoka x = 1 hadi x = 4. Inaanzia 1, inaishia 16: imepanda 15 katika hatua 3. Gawanya, unapata 5. Unganisha nukta hizo mbili kwa rula kwenye grafu. Mteremko wa mstari huo ni 5. Sasa tazama hatua mojamoja: ya kwanza imepanda 3, ya pili 5, ya tatu 7. Jibu letu halina habari na hayo. Linazijua ncha mbili tu.

Mbona nisijumlishe f(1) na f(4), nigawanye kwa 2?
Utapata 8.5, ambao ni wastani wa thamani za ncha, si wa badiliko. Neno “wastani” ndilo linaloponza watu hapa.

Nimepata 0. Nimekosea?
Si lazima. Fankisheni ileile, kutoka -2 hadi 2, inaanzia 4 na kuishia 4. Katikati imeshuka hadi 0 ikapanda tena, lakini ncha hazisemi.

Nikianza na nukta ya pili?
Ruksa, mradi ugeuze mpangilio wa kutoa kote kuwili, kwenye f(x) na kwenye x: (f(a) − f(b)) ÷ (a − b). Ukigeuza upande mmoja tu, ishara inageuka.

Gari limekwenda kwa kilomita 60 kwa saa, likarudi njia ileile kwa 40. Wastani ni 50?
Ni 48. Tuseme njia ina kilomita 120: kwenda saa 2, kurudi saa 3, jumla kilomita 240 kwa saa 5. Mwendo wa polepole umekula muda mwingi zaidi. (Ukipima badiliko la mahali gari lilipo, badala ya umbali, wastani ni 0! Limerudi lilikoanzia.)

Nikitaka kasi ya papo hapo, pale x = 3?
Sogeza ncha ya pili karibu. Kwa x², kutoka 3 hadi 4 unapata 7; hadi 3.1, 6.1, hadi 3.01, 6.01. Inanyemelea 6. Ila usiweke 3 na 3 yenyewe, maana utakuwa unagawanya 0 kwa 0. Wanahisabati Newton na Leibniz, katika karne ya 17, walijenga kalkulasi (hisabati ya mabadiliko) juu ya kunyemelea huko.