Kuendesha multimeta na pawasaplai za maabara ukiwa mbali

Mkuu, umeuliza mambo mawili: utaendeshaje multimeta na pawasaplai za maabara ukiwa nyumbani, na kwa nini skripti yako ya Python inakwama ikisubiri jibu. Kazi hii naifanya miaka sasa, nijibu kwa kirefu.

Tuanze na kukwama. Ukiunganisha kwa soketi tupu, yaani muunganisho wa mtandao wa moja kwa moja na kifaa (vifaa vingi vya kampuni ya Keysight husikiliza poti, yaani namba ya mlango wa mtandao, 5025, na vingi vya Rigol 5555), kifaa hakijui kwamba amri imekwisha mpaka kipokee alama ya mstari mpya. PyVISA (maktaba ya Python ya kuzungumza na vifaa vya kupimia) nayo inahitaji kuambiwa jibu linaishia wapi. Weka `write_termination` na `read_termination` zote ziwe `\n`, kisha tuma `*IDN?`. Likirudi jina la kampuni na modeli, njia ni nzima.

Kama bado inakwama kwenye vipimo tu, usikimbilie kulaumu mtandao. PyVISA husubiri sekunde 2 kisha inakata tamaa. Multimeta iliyowekwa NPLC (idadi ya mizunguko ya umeme kwa kipimo kimoja) 100 hukusanya kipimo kwa mizunguko 100 ya umeme wa ukutani, na kwa 50 Hz hizo ni sekunde 2 kamili. Ikiwa inajirekebisha sifuri kila kipimo, muda huo unakuwa maradufu. Mashine haijafa, bado inapima! Ongeza muda wa kusubiri hadi sekunde 10. Ikiwa kifaa kimenyamaza kabisa, uliza `SYST:ERR?`, maana amri iliyokosewa herufi huishia kwenye foleni ya makosa na jibu halitakuja kamwe.

Sasa lile la kuendesha ukiwa nyumbani, na hapa ndipo watu wengi wanapokosea mpangilio. Skripti inayopima isikae kwenye laptopu yako. Weka kompyuta ndogo palepale mezani, kwenye swichi moja na vifaa, iendeshe jaribio na kuandika faili. Wewe ingia kwa SSH (njia salama ya kuingia kwenye kompyuta iliyo mbali) uangalie na kutoa maelekezo. Kila swali kwa kifaa ni safari ya kwenda na kurudi, na kwa intaneti ya mbali safari hizo zinachelewesha na zinakatika.

Kukatika ndiko kunakonitia wasiwasi kuliko yote. Pawasaplai nyingi za mezani, mawasiliano yakipotea, huendelea kutoa volti ileile uliyoiamuru mwisho. Kwa hiyo ukomo wa mkondo na kinga ya volti kuzidi viwekwe ndani ya kifaa chenyewe, visitegemee skripti. Baadhi ya pawasaplai zina kipima muda kinachozima umeme amri zisipofika. Kama yako inacho, kiwashe. Usiku mmoja mtandao wa jengo ulikufa betri zikiwa zinachajiwa. Kompyuta ya mezani iliendelea kusoma joto na volti na kuzima wakati ulipofika, na mimi niliyakuta yote kwenye faili asubuhi. Skripti ingekuwa kwangu, nani angezima?

Usalama: amri za SCPI (lugha ya maandishi ya kuamuru vifaa hivi, kama `*IDN?`) kwenye soketi hazina nywila. Anayeifikia poti ndiye mwenye pawasaplai. Usiifungue poti hiyo kwenye ruta ielekee intaneti, hata kwa "dakika tano tu". Pita kwenye VPN (njia iliyofichwa ya kuingia mtandao wa ndani kupitia intaneti), na vifaa vikae kwenye mtandao wao peke yao wenye anwani za kudumu. Kifaa kikionyesha anwani inayoanza na 169.254, ujue hakikupewa anwani na ruta, kimejipa chenyewe.

Kama una chaguo kati ya USB na kebo ya mtandao, mimi huchukua mtandao hata kwa mita moja. Poti ya Ethernet ina transfoma ndogo zinazotenga umeme, wakati USB huunganisha ardhi (ethi) ya kompyuta na ya kifaa, na ukipima mikrovolti utaiona kelele ya umeme inayopita hapo. Tumia kebo isiyo na ngao ya chuma, vinginevyo ardhi inarudi kwa mlango wa nyuma. Vifaa vya zamani vyenye GPIB tu (njia ya zamani ya kebo ya kuunganisha vifaa vya maabara, kiwango cha 1975, mwisho vifaa 15 na kebo mita 20) vinahitaji kigeuzi cha kwenda Ethernet, navyo hufanya kazi vizuri tu.

Weka hapa modeli ya pawasaplai yako na mistari ya skripti inayofungua muunganisho, tuone kama ina hicho kipima muda.