Swali la lugha: Kifaa hiki kinahisi, kinatambua au kinapima?

Msomaji wetu wa Kirumba, jijini Mwanza, ambaye huandaa vipeperushi kwa ajili ya wauzaji wa samaki na dagaa, ametuandikia hivi: "Tunaandika kipeperushi kuhusu vifaa vinavyofanyiwa utafiti, vinavyotumia mwanga na umeme kutafuta sumu katika maji na chakula. Mwenzangu ameviita sensa za fotoelektrokemikali. Mimi nimeviita vihisi vya mwanga. Jina lipi ni sahihi? Tena, kifaa kimehisi zebaki, kimegundua zebaki, au kimepima zebaki? Na maji yenyewe, tuseme yamechafuka au yamechafuliwa?"

Kabla ya kuchagua jina ni lazima tujue kinachotokea ndani ya kifaa, kwa kuwa makosa mengi ya istilahi huzaliwa pale mwandishi anapokitaja kitu kwa sura yake na kuiacha kazi yake. Kifaa hiki kina elektrodi, yaani kipande kinachopitisha umeme, iliyopakwa nusukipitishi, yaani dutu inayopitisha umeme kwa kiasi tu, kwa mfano dioksidi ya titani au oksidi ya zinki, nayo imezamishwa katika kimiminika chenye sampuli ya maji au ya chakula kilichosagwa na kuyeyushwa. Taa inapowashwa, mwanga wenye nishati ya kutosha huzitoa elektroni mahali pake katika nusukipitishi na kuacha matundu yenye chaji chanya. Elektroni hizo hutiririka kupitia waya zikawa mkondo mdogo sana wa umeme, ambao husomwa kwa nanoampea au mikroampea. Sumu inayotafutwa ikiwapo, mkondo huo hubadilika: hupanda ikiwa sumu inatoa elektroni za kujaza matundu, au hushuka ikiwa imeganda juu ya elektrodi na kuziba njia. Asili ya jambo hili ni ya zamani, kwani mwaka 1839 Edmond Becquerel wa Ufaransa aliona umeme ukizalishwa alipoziangazia elektrodi zilizozamishwa katika kimiminika cha asidi.

Kwa hiyo mwanga ndio unaoanzisha kazi, na umeme ndio unaosomwa. Huko kutenganishwa kwa kinachoingia na kinachotoka ndiko kunakokipa kifaa sifa yake kubwa, kwa sababu mwanga wa taa hauchanganyiki na kipimo kama inavyoweza kutokea katika vifaa vinavyoangaza na kusoma mwanga uleule. Jina linalotaja mwanga peke yake, au umeme peke yake, limekata kifaa vipande viwili na kutupa kimoja.

Sasa tuyatazame majina yaliyopendekezwa. Neno "sensa" ningeliondoa bila kusita. Mtanzania aliyehesabiwa katika Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 hawezi kusoma "sensa ya samaki" akaelewa kitu kingine isipokuwa kwamba samaki wanahesabiwa. "Fotoelektrokemikali" nalo lina kasoro ya ndani: katika Kiswahili "kemikali" ni nomino, yaani dutu yenyewe ile iliyomo kwenye chupa, ilhali sayansi inaitwa "kemia". Anayetaka kukopa neno zima aseme "kihisi cha fotoelektrokemia", na katika ripoti ya maabara sioni ubaya wa kufanya hivyo, ingawa kwa mchuuzi wa dagaa wa soko la Mwaloni neno hilo ni mlima usio na njia.

"Kihisi cha mwanga" kinapendeza masikioni, lakini -a unganifu ya Kiswahili inakiponza. Tunaposema kihisi cha moshi tuna maana ya kifaa kinachotambua moshi; kihisi cha joto kinatambua joto. Kwa mantiki hiyohiyo, kihisi cha mwanga ni kile kinachotambua mwanga, kama kilichomo katika taa za barabarani zinazojiwasha giza linapoingia. Kifaa chako hakitafuti mwanga, kinautumia. Ni lazima basi mwanga uhamishwe kutoka mahali pa kitu kinachotafutwa uende mahali pa nyenzo, na Kiswahili kina neno dogo la kuifanya kazi hiyo, nalo ni "kwa". Ninapendekeza "kihisi cha kemia-umeme kinachoamshwa kwa mwanga" katika maandishi ya kitaalamu, na baada ya kulitaja jina zima mara moja, "kihisi" peke yake kitatosha. Katika kipeperushi cha sokoni ningeandika "kifaa cha kupimia sumu kwa mwanga na umeme". Zingatia kauli ya kutendea katika "kupimia": ndiyo inayomwambia msomaji kwamba kifaa ni chombo na mpimaji ni mtu.

Wapo watakaoandika "kinachoamshwa na mwanga". Sarufi haikatazi, lakini kuna sababu mbili za kuikwepa kauli hiyo. Ya kwanza ni kwamba "na" baada ya kitenzi cha kutendwa humtaja mtenda, na hapa mtenda ni mtaalamu aliyewasha taa. Ya pili, ambayo naitaja kwa tabasamu, ni kwamba mwanga wa ngeli ya watu, yule ambaye wingi wake ni wanga na kazi zake huzifanya usiku, naye husifika kwa kuamsha watu, na sidhani kama maabara yoyote ingependa kuhusishwa naye.

Usiandike pia "kihisishi", kama nilivyokwisha kuona mahali fulani. Hilo ni jina la aina ya neno katika sarufi, yaani maneno kama "Loo!" na "Ala!", na halina nafasi katika maabara. "Kitambuzi" ni neno zuri, na ningelikubali bila ubishi kama taasisi yenu tayari inalitumia. Nimelipa "kihisi" nafasi ya kwanza kwa sababu ndilo lililokwisha kuzoeleka zaidi katika habari za simu, magari na mitambo.

Hata hivyo, jina "kihisi" linabeba mtego, na mtego huo umo katika swali lako la pili. Katika mazungumzo ya kila siku, "kuhisi" ni kudhani bila uhakika. Mtu anaposema "nahisi mvua itanyesha" hajathibitisha lolote. Ukiandika kwamba kifaa kimehisi zebaki katika sangara, mfanyabiashara atasoma kwamba kifaa kinashuku, naye atakuwa na haki ya kuuliza ni nani aliyewahi kuzuiliwa mzigo kwa sababu ya shuku ya mashine. Kando ya Ziwa Victoria swali hilo si la mzaha: mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulisimamisha uagizaji wa samaki wa ziwa hili kwa hofu ya sumu zilizotumiwa katika uvuvi haramu, na tofauti kati ya kushuku na kuthibitisha ilipimwa kwa fedha. Kwa hiyo liache jina liwe kihisi, lakini kitenzi cha matokeo kisiwe kuhisi.

Kitenzi gani basi? Hapa Kiswahili kina utajiri ambao waandishi wengi hawautumii, wakaviona vitenzi vinne kuwa ni kimoja. "Kugundua" ni kupata jambo ambalo halikujulikana kabla. Mtafiti anaweza kugundua kwamba dutu fulani huongeza mkondo, lakini kifaa kinachorudia kazi ileile kila asubuhi hakigundui kitu. "Kutambua" ni kukijua kitu miongoni mwa vingine, na hili ndilo linalotokea juu ya elektrodi, ambako watafiti hubandika kingamwili, au kipande kifupi cha vinasaba kilichoteuliwa maabara, au plastiki iliyochongwa nafasi yenye umbo la sumu inayotakiwa, ili sumu hiyo ishike na nyingine zipite. "Kupima" ni kutoa kiasi, na kiasi hutokana na ukubwa wa badiliko la mkondo. "Kubaini" ni kuliweka jambo wazi baada ya kuupima ushahidi, na hiyo ni kazi ya mtaalamu anayeisoma namba na kuifasiri. Sentensi iliyonyooka itakuwa hivi: "Kihisi kilitambua zebaki katika sampuli, kikapima kiasi chake, na wataalamu wakabaini kwamba kiasi hicho kinazidi kiwango kinachokubalika." Namba ikitajwa, itajwe pamoja na kipimio chake, kwa mfano mikrogramu 6 kwa lita, ambacho ni kiwango elekezi cha Shirika la Afya Duniani cha zebaki isiyo ya kikaboni katika maji ya kunywa.

Jina la sumu nalo lisiwe pana kuliko kifaa. Tanzania imejaliwa neno "sumukuvu", ambalo kwa maoni yangu ni miongoni mwa istilahi zilizoundwa vizuri kabisa katika miaka ya karibuni: mkulima wa mahindi au karanga hulielewa mara ya kwanza analisikia. Lakini kihisi kilichobandikwa kingamwili za aflatoksini B1, ambayo ni aina moja tu ya sumukuvu, kinatambua aflatoksini B1, na ukiandika kwamba mahindi yamepimwa sumukuvu umeahidi zaidi ya kilichofanyika, kwa kuwa kuvu hutoa sumu za aina nyingine pia. Vivyo hivyo kwa ule utando wa kijani unaojitokeza katika Ghuba la Mwanza. Wengi huuita mwani, na wengine huuchanganya na magugumaji, lakini wanaoufanya mara nyingi ni sainobakteria, ambao baadhi yao hutoa sumu iitwayo mikrosistini. Andika mikrosistini, kisha eleza kwa sentensi moja kwamba kuyachemsha maji hakuiondoi, maana neno "bakteria" humfanya msomaji akimbilie sufuria. Kwa sumu za mashambani sema "masalia ya viuatilifu". Usiseme "vimelea", ambavyo ni viumbe hai.

Tumefika kwenye kuchafuka na kuchafuliwa. Kauli ya kutendeka huonyesha hali na kumwacha mtenda nje kabisa. Kauli ya kutendwa humwita mtenda hata kama hakutajwa. "Maji yamechafuka" ni taarifa. "Maji yamechafuliwa" ni taarifa yenye shtaka ndani yake, na msomaji ataanza kumtafuta mshtakiwa: mgodi, kiwanda, au wakazi wa kando ya Mto Mirongo. Kihisi hakijui zebaki imetoka wapi. Kinajua ipo, na kwa kiasi gani. Kwa hiyo matokeo yake yaandikwe kwa kutendeka, au bora zaidi kwa kitenzi chepesi kuliko vyote, "kuwa na": "maji haya yana zebaki". Chanzo kikithibitishwa kwa uchunguzi mwingine, hapo kutendwa kuna mahali pake, na vihusishi vigawane kazi: "maji yamechafuliwa na wachimbaji kwa zebaki", ambapo "na" inamtaja mtenda na "kwa" inataja kilichotumika. Najua kwamba watu husema "yamechafuliwa na zebaki", na sitawaita wakosaji mitaani; katika maandishi yanayoweza kufika mezani kwa hakimu ningekuwa mwangalifu zaidi.

Katika rasimu uliyoambatanisha kuna sentensi moja ambayo hukuiuliza, lakini ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko zote: "Kifaa kisipoonyesha kitu, maji hayana sumu na ni salama." Kila kihisi kina kikomo cha utambuzi, yaani kiasi ambacho chini yake mkondo hautofautiani na mtikisiko wa kawaida wa kifaa. Tena kihisi cha zebaki hakisemi lolote kuhusu mikrosistini wala vijidudu vya kipindupindu. "Hayana" ni kanusho la kitu chenyewe. Unachotaka ni kanusho la tendo la kukitambua. Andika: "Zebaki haikutambuliwa katika sampuli hii," kisha utaje kikomo cha kifaa na tarehe ya kuchota maji, na neno "salama" uliondoe katika sentensi hiyo.