Lenzi moja, picha mbili: kosa liko wapi?

SWALI: Napiga picha za harusi hapa Bagamoyo kwa Canon ya APS-C na lenzi ya 50 mm f/1.8. Mwenzangu ana fulu-fremu na lenzi kama yangu. Tukisimama mita 4 kutoka kwa bibi harusi, yeye anampata mzima na nafasi juu; kwangu taji linagusa ukingo. Nikirudi nyuma, mlango wa nakshi ulio mita 2 nyuma ya bibi harusi haufifii kama kwake. Nimeuziwa lenzi mbovu?

JIBU: Lenzi yako ni nzima, usiiuze. Tofauti iko kwenye kihisi, kipande kinachopokea picha ndani ya kamera: chake cha fulu-fremu ni milimita 36 kwa 24, chako cha APS-C 22.3 kwa 14.9, hivyo chako kinachukua sehemu ya katikati tu. Kamera ikiwa wima, kwa mita 4 yeye anakamata kimo cha mita 2.88, wewe 1.78. Gawa 36 kwa 22.3 upate 1.6: 50 yako inakata picha kama 80 kwake. Kwa APS-C za Nikon na Sony, zidisha kwa 1.5.

Mlango nao? Tundu la lenzi zenu ni lilelile, 50 gawanya kwa 1.8, karibu milimita 28. Ila ili umpate bibi harusi kama yeye, inakubidi urudi hadi mita 6.5, na hapo mita 2 za nyuma zinakuwa kitu kidogo. Msogeze bibi harusi mbele, awe mita 3.2 kutoka mlangoni, nawe ubaki mita 6.5 kutoka kwake. Mlango utafifia sawa na wa mwenzako.

Kwenye kichochoro kisicho na mita hizo, tafuta lenzi ya 24 au 28 mm. Namba iliyoandikwa kwenye lenzi haijazidishwa kwa 1.6, hata kwenye EF-S, lenzi za Canon zilizotengenezwa kwa APS-C. Wengi hupotea hapo. Ukinunua 24 mm f/2.8, mwanga uhesabu kwa f/2.8 ileile, usibadilishe spidi wala ISO kwa sababu ya kihisi. Kufifia ndiko kunakozidishwa: itafifisha kama f/4.5 ya fulu-fremu, kwa hiyo mlango utaonekana wazi zaidi. Kwa nakshi za Bagamoyo, sisi tungeuacha uonekane.

Na ukichukua ya EF-S, haifungi kwenye fulu-fremu ya Canon ya DSLR (yenye kioo ndani), kwa hiyo kama mwenzako ana hiyo, hataweza kuiazima.