Usiulize umri, uliza anacheza nini

Ndugu Mhariri, wiki hii mmeuliza mcheza ngoma ang'atuke akiwa na umri gani. Mimi nasema umri peke yake haujibu kitu.

Hapa Bagamoyo, chuo cha sanaa kipo tangu 1981 na tamasha lake tangu 1982, kwa hiyo wacheza ngoma ni majirani zetu, tunawajua kwa majina. Nawaona wakiachwa na vikundi wakishavuka thelathini na kitu, hasa wanawake wakishazaa. Wanaambiwa mwili umechoka. Linaniuma, kwa sababu mara nyingi anayeachwa ndiye aliyewafundisha wengine.

Mfano wangu nautoa kwenye baleti, mchezo usio na huruma na mwili, ambako mwanamke husimama kwenye ncha za vidole ndani ya kiatu kilichokazwa kwa gundi. Alessandra Ferri alizaliwa Milan mwaka 1963. Aliingia Royal Ballet, kikundi cha baleti cha London, mwaka 1980, na ilipofika 1983 alikuwa tayari mchezaji mkuu. Mtunzi Kenneth MacMillan alimkabidhi nafasi za wanawake wanaopenda hadi kuangamia: Juliet wa Romeo na Juliet, Manon, na Mary Vetsera wa baleti ya Mayerling. Mwaka 1985 akaenda American Ballet Theatre, kikundi cha baleti cha New York, kwa mwito wa mkurugenzi wake wa wakati huo, Mikhail Baryshnikov, na katikati ya kazi hiyo akazaa mabinti wawili. Mwaka 2007, akiwa na miaka 44, aliaga jukwaa huko New York kwa kucheza Juliet.

Mwaka 2013 alirudi jukwaani. Na Juni 2016, akiwa na miaka 53, alicheza tena Juliet palepale New York, binti ambaye katika tamthilia ya Shakespeare hajatimiza hata miaka 14.

Atauliza mtu, inawezekanaje? Tazama utunzi wenyewe wa Romeo na Juliet, ambao MacMillan aliutoa mwaka 1965 kwa muziki wa Mrusi Prokofiev. Baba yake Juliet ameshaamua binti aolewe na mtu asiyemtaka. Wote wanatoka chumbani. Juliet anakaa ukingoni mwa kitanda, uso kwa watazamaji, na hafanyi lolote. Harushi mguu, hanyanyui mkono. Muziki unapanda, unajaa ukumbi mzima, naye amekaa tu, mpaka uamuzi unapomwiva ndani, ndipo anachukua joho lake na kukimbia kwa padri. Msichana wa miaka ishirini anaweza kuruka juu kuliko Ferri, lakini kukaa kimya namna ile bila watazamaji kuchoka ni kazi ya mtu aliyekomaa.

Tena hakung'ang'ania Juliet peke yake. Mwaka 2015, Ferri akiwa na miaka 52, mtunzi Wayne McGregor alimtungia nafasi kuu katika Woolf Works, baleti kuhusu mwandishi Mwingereza Virginia Woolf, nafasi inayodai mwanamke mwenye umri wake. Mwaka uliofuata akapata Olivier, tuzo ya sanaa za jukwaani ya Uingereza. Baadaye, mwaka 2021, akacheza L'heure exquise, mchezo wa mtunzi Maurice Béjart, amefukiwa hadi kiunoni kwenye kichuguu cha viatu vya baleti vilivyochakaa. Hapo uzee si kasoro ya kufichwa, ndio mchezo wenyewe.

Sisi hili tunalo, ila tumeliacha uani. Mdundiko ukipita mtaani, mama mtu mzima akiingia kati, mabega yametulia na kiuno kinajibu ngoma taratibu, vijana wanampisha. Lakini jukwaani, mbele ya wageni, tunataka sarakasi na kasi tu, halafu tunashangaa magoti ya watu kuisha mapema.

Kwa hiyo naviomba vikundi vyetu: mkitunga mchezo mpya, tungeni na nafasi ya mtu wa miaka hamsini, iwe nafasi kubwa, si ya kupita nyuma amebeba mtungi. Na ujira wake msiupunguze.

Msomaji, Bagamoyo